Kitengenezwe, au Kinunuliwe Kingine?

Mwenzetu mmoja wa darasa la baada ya Isha, mkaazi wa Kisauni, ameuliza: anayo nyumbani baiskeli ya mazoezi, ile isiyokwenda popote, nayo sasa imechakaa. Je, kuiacha na kununua mpya ni israfu?

Wengi barazani walimjibu upesi kwamba ni israfu. Mimi nami ningalijibu vivyo hivyo mwaka jana, kabla chombo changu mwenyewe hakijanifunza adabu.

Yapasa kwanza tujue kilichochakaa ni nini. Katika chombo kama hicho mna viungo vilivyotengenezwa ili vilike: ukanda, pedali, beringi, na kile kipande kinacholibana gurudumu ili mguu uone uzito. Hivi kulika ndiyo kazi yake, na mwenye kuitupa baiskeli nzima kwa ajili ya beringi ni kama mwenye kubomoa nyumba kwa sababu ya bawaba. Huyo, naam, ni mbadhirifu. Lakini kiunzi ni jambo jingine. Sisi wa Likoni upepo wa bahari watuingilia hadi ndani, na jasho la mtu nalo lina chumvi. Chuma chaliwa kwa ndani na huku rangi ya juu yang'aa.

Baiskeli yangu niliinunua kuukuu, miongoni mwa zile zitokazo ng'ambo, baada ya tabibu kunionya juu ya sukari. Ilipoanza kulia chini ya kiti nikampelekea fundi aichomelee. Akaigonga kwa nyundo ndogo, kutu ikamwagika kama majani ya chai. Akaniambia: "Sheikh, chuma hiki kimekuwa chembamba, moto utakitoboa. Nikiunga hapa nitakula pesa zako, nawe utaanguka." Akaacha ujira wake, na nyumbani wangojea chakula. Sijui ni wangapi katika sisi tuvaao vilemba wangaliweza hayo.

Aibu ilikuwa yangu. Niliporejea nikamwambia mke wangu kwamba nitaitoa sadaka kwa vijana wa madrasa. Akauliza: "Bwana, kama wewe yakuogofya kuipanda, wao wana mifupa gani?" Sikuwa na jawabu. Nasomesha kila mwaka mlango wa biashara, kwamba muuzaji aijuaye ila ya bidhaa akaificha amemdhulumu mnunuzi, na mnunuzi ana haki ya kuirudisha. Kumbe nilidhani jina la sadaka laifunika ila hiyo. Na mwenye kupewa ni mnyonge zaidi, kwani huona haya kurudisha.

Basi namjibu muulizaji. Ikiwa vilivyolika ni viungo vya kulika, tengeneza, hata kama dukani kipo king'aacho zaidi. Matengenezo yakikaribia bei ya kipya, hesabu si dhambi. Ikiwa ni kiunzi, usikipande wala usimpandishe mtu. Lakini liko la tatu ambalo hakuliuliza, nalo ndilo lililo katika nyumba nyingi: chombo hakitengenezwi wala hakibadilishwi, chaanikiwa kanzu, na mwenyewe miezi yampita akingoja kukata shauri huku sukari yapanda. Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri mwaka 2020 kwamba mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kila juma. Halikusema ni lazima iwe kwa baiskeli. Wazee wetu waliovuta makasia na kuchota maji visimani walizipata bila ya kuzihesabu; sisi tukaao kitini ofisini Changamwe kutwa nzima hatuna budi kuzihesabu.

Ama yangu, fundi alichukua gurudumu na pedali kwa bei tuliyoridhiana. Kiunzi nilikikata vipande viwili, kisije kikapandwa na mwokotaji katika jaa la Mwakirunge, nikakiuza kwa kilo. Nyingine sijanunua. Baada ya sala ya alfajiri hutembea kuelekea Mtongwe, na mke wangu hunifuata.