Chema Chajiuza?

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Je, kauli hiyo yatosha kuzihukumu nyimbo za marehemu?

Mbaraka Mwinshehe, aliyevuma na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari nchini Kenya. Baada ya kifo chake, Polygram ya Nairobi ilizikusanya nyimbo zake katika mfululizo wa santuri ulioitwa Ukumbusho. Marehemu hakuzichagua mwenyewe. Walizichagua wafanyabiashara, na mfanyabiashara hukumbuka kwanza kilichouzika.

Mji wa Mikindani waionyesha hali hiyo hiyo kwa mawe. Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895 lilikarabatiwa likawa hoteli, ilhali nyumba nyingi za kale za matumbawe zimebaki magofu. Haina maana kwamba Boma lilipendwa kuliko nyumba hizo. Lilipata tu wa kulisimamisha.

Basi kudumu kwa kitu hakuthibitishi ubora wake peke yake. Kwathibitisha pia kuwa kilitunzwa. Hata hivyo, santuri haina uhai bila msikilizaji. Aliyezaliwa baada ya 1979, akausikia wimbo wa Mbaraka ukaigusa hali yake, huuchagua upya, na uchaguzi huo haununuliki. Lakini hawezi kuchagua asichokisikia. Kwa hiyo, deni la walio hai si kuusifu wimbo uliosalia tu, bali kuutafuta na ule ulioachwa.