Kiongozi, Acha Kutafuta Mchawi

Ndugu yangu uliyekabidhiwa timu ya wahandisi wa programu, sikia. Mfumo wako utaanguka. Utaanguka mwisho wa mwezi, watu wakisubiri mishahara. Utaanguka usiku, wateja wakipiga simu bila kukoma. Siku hiyo timu nzima itakutazama mdomoni. Ukifungua kinywa na kuuliza, "Nani kafanya hivi?", umewafundisha wote somo moja tu: kunyamaza. Mfumo unaweza kurudi baada ya dakika kumi. Ukweli hautarudi upesi hivyo.

Tarehe 31 Januari 2017, usiku, mhandisi mmoja wa GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandishi wa programu dunia nzima, alikuwa anapambana na hifadhidata iliyogoma. Alikusudia kufuta data kwenye seva ya akiba. Akaandika amri, akabonyeza. Sekunde moja au mbili baadaye akagundua kuwa yuko kwenye seva kuu. Akaikatiza amri mbio mbio, lakini katika gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5.

Wakakimbilia nakala rudufu. Njia walizozitegemea, moja baada ya nyingine, zikaonekana hazifanyi kazi. Mojawapo ilikuwa inashindwa kimyakimya, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani, hata asijue mtu. Kilichowaokoa ni nakala moja iliyochukuliwa kwa mkono kama saa sita kabla ya ajali. Na aliyeichukua ni nani? Ni mhandisi yule yule aliyefuta!

Tafakari hapo, ewe kiongozi. Meneja mtafuta wachawi angemfukuza usiku ule ule, akalala akijiona amefanya kazi, na nakala mbovu zingebaki mbovu zikimsubiri mwingine. GitLab walishika njia nyingine. Waliandika hadharani kila hatua, wakaonyesha kazi ya uokoaji moja kwa moja mtandaoni wateja wakitazama, kisha wakachapisha maelezo ya kilichovunjika na jinsi watakavyokirekebisha. Data za muda wa saa sita hivi zilipotea. Hakuna aliyetolewa kafara.

Najua utaniambia: mafundi wangu ni wazoefu, hawafanyi makosa ya kitoto. Jibu la namna hiyo alipewa Margaret Hamilton, aliyeongoza kazi ya programu za safari za mwezini kule chuo kikuu cha MIT, Marekani. Binti yake mdogo, akichezea mtambo wa mazoezi, aliita programu ya kabla ya kuruka ilhali safari ya majaribio iko katikati, na mfumo ukaanguka. Mama akaomba aweke kinga. Akaambiwa haina haja: wanaanga wamefunzwa, hawatakosea. Desemba 1968, chombo cha Apollo 8 kikiwa njiani kurudi kutoka mwezini, Jim Lovell, mmoja wa wanaanga wazoefu kuliko wote wa wakati huo, akaiita programu ile ile kwa bahati mbaya, na data za mwelekeo zikafutika. Ilibidi azipange upya huko huko angani. Kama Lovell alikosea, kijana wako wa miaka 24 ni nani asikosee?

Sisemi ulegee. Mwenye kudanganya shughulika naye. Lakini ukali wako uelekeze kwenye kazi yenyewe. Dai kila badiliko lisomwe na mtu wa pili kabla halijawafikia wateja. Dai nakala rudufu zirejeshwe kwa majaribio mara kwa mara, maana nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni tumaini tu. Na baada ya ajali, waite mkae, umwombe aliyekuwa kwenye kibodi asimulie. Uliona nini kwenye skrini? Nini kilikufanya uamini kuwa hatua ile ndiyo sahihi? Usimkatize. Mara nyingi utakuta madirisha mawili meusi yanayofanana kama mapacha, jina la seva limeandikwa kwa herufi ndogo pembeni, na mtu ambaye hajapumzika tangu asubuhi. Zamu hiyo nani aliipanga? Ni wewe.

Ukiitwa na wakubwa, sema "tumekosea", wala usitaje jina la mtu. Cheo ulipewa kwa ajili ya saa kama hiyo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Basi timu iliyotishwa itayaficha maradhi, na kilio kitakujia wewe, mbele ya wateja wote.

Kesho asubuhi, kabla hujauliza kazi zimefika wapi, waulize wenzako ni kitu gani katika mfumo kinawatia hofu na hawajathubutu kukisema. Kisha nyamaza, usubiri. Atakayetangulia kujibu, mshukuru mbele ya wote, na umpe nafasi ya kukirekebisha wiki hii hii.