Je, Kusahau ni Kasoro ya Akili?

Wapo wanalugha wa Kiarabu walionasibisha neno “insani” na kusahau, kana kwamba udhaifu huo ndio uliotupa jina. John R. Anderson, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, ametupa sababu ya kuufikiria upya. Tangu miaka ya 1970 amekuwa akiunda programu ya kompyuta inayoiga hatua za fikra, ACT, ambayo baadaye ikawa ACT-R. Ndani yake kila kumbukumbu hupata nguvu inapotumiwa na kufifia isipoguswa. Mwaka 1991, yeye na mtafiti mwenzake Lael Schooler walichunguza vichwa vya habari vya New York Times, maneno wanayoambiwa watoto, na barua pepe alizopokea Anderson. Walikuta kwamba kadiri neno linavyokaa bila kutokea, ndivyo uwezekano wa kulikuta tena unavyopungua, na mteremko wake unafanana na ule wa usahaulifu alioupima mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus na kuuchapisha mwaka 1885. Kwa hiyo akili haivuji ovyo: huweka karibu kile ambacho dunia inaelekea kukiulizia tena.

Mtu atasema kufanana si ushahidi; mambo mawili huweza kwenda sambamba bila kuhusiana. Ni kweli, lau ungekuwa mfanano mmoja tu. Lakini hoja hiyohiyo inaeleza pia kwa nini kinachorudiwa mara nyingi hukaa, na kwa nini marudio yaliyoachana hudumu kuliko ya mfululizo.

Pingamizi zito zaidi ni la kimaadili: je, mdaiwa aliyesahau deni amepata udhuru? La. Kinachopimwa hapa ni mambo ambayo dunia huelekea kuyarudia, wala si yale ambayo haki inayadai. Ahadi hutolewa mara moja, na huenda asitokee wa kuitaja tena, lakini inaendelea kumfunga aliyeitoa. Hapo ndipo wajibu unapoanzia: ambacho dunia haikirudii, sisi tukirudie. Sala tano za kila siku, ibada ya kila Jumapili na hitma za marehemu ni marudio yaliyopangwa kwa nafasi, ili yasiyopigiwa kelele yasizame. Kusahau ni sehemu ya maumbile yetu, hakuna lawama. Lawama ni kujua kwamba tunasahau, kisha tukaacha kukumbushana.