Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 27: Samaki wa Ofisini



Wewe umefunga kwa nia, na magharibi utafuturu. Samaki wako wa ofisini hakufunga, kafungiwa. Hawezi kulia kama paka, wala kutoka akajitafutie.

Mtume (S.A.W) ametueleza habari za mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ale wadudu wa ardhini.

Kufuga si kosa. Mtoto Abu Umayr alikuwa na kindege, na Mtume (S.A.W) alikuwa akimuulizia. Lakini ukishafuga, ni amana.

Basi kabla hamjafunga ofisi kwa Idi, jiulize: nani atamlisha? Usimmwagie chakula cha siku zote kwa mpigo. Kitaoza, maji yachafuke, afe. Mwachie mlinzi, au mchukue nyumbani.

Allah atujaalie huruma. Amin.