Mtawala Asiyejiinua

Somo: Kumbukumbu la Torati 17:14–20



Mwaka 1516 padre Mholanzi, Erasmus, alimwandikia kijana Charles, mfalme mpya wa Hispania, kitabu cha kumfunza utawala wa Kikristo. Shabaha yake ni kwamba mtawala yupo kwa faida ya watu, wala si watu kwa faida yake. Musa alikwisha kusema hayo: mfalme asijilimbikizie farasi, fedha wala dhahabu, aisome torati siku zote, moyo wake usijiinue juu ya ndugu zake.

Sisi tumeona mfano. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere aliacha urais kwa hiari, akarudi Butiama kulima. Hakukosa makosa, wazee wetu hawajasahau walivyohamishiwa vijijini kwa nguvu. Lakini hakujitajirisha.

Tusiwapime wakubwa tu. Baba nyumbani ni mtawala. Mwenye shamba la miti anayelipa vibarua ni mtawala. Mzee wa kanisa anayeshika ufunguo wa sanduku la sadaka ni mtawala. Tuchaguapo halmashauri ya mtaa wetu, tusiulize nani tajiri, wala nani wa ukoo wetu. Tuulize: aweza kusimama kama Samweli, akawauliza watu amechukua ng'ombe wa nani? Na sisi tukiuliza hivyo, tutajibiwaje?

Ee Bwana, uliyewaosha wanafunzi wako miguu, utufundishe kutumika. Amina.