KRISMASI IMEPITA, MFUKO UMETOBOKA. JE, FURAHA NAYO IMEKWISHA?



Usiitupe karatasi hii. Isome mpaka mwisho, haikugharimu hata senti tano. Hata kama hujawahi kukanyaga kanisani, hata kama pale uwanjani ulifuata magita tu, ujumbe huu ni WAKO.

Nakuuliza swali moja. Uko wapi leo? Simaanishi Katoro, Nyarugusu, Kakola, Kahama au Shinyanga mjini. Namaanisha uko wapi MOYONI, sasa hivi, sikukuu ikiwa imeshapita?

Tarehe 25 Desemba ulikuwa na shati jipya. Pilau lilikuwepo, nyama ilikuwepo, soda ilikuwepo, na kwa wengine najua haikuwa soda. Muziki ukafunguliwa mpaka spika zikakoroma. Tarehe 26 mkaendeleza. Mwaka Mpya mkapiga madebe usiku kucha. Basi! Sasa ni Januari. Shati limefuliwa mara tatu, rangi imeanza kutoka. Mwenye nyumba anagonga mlango. Mama ntilie amefungua daftari lake na jina lako liko ukurasa wa kwanza. Mdogo wako nyumbani anataka viatu vya shule. Maana tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne, lakini viatu havijafutwa, sare haijafutwa, daftari halijafutwa.

Kwa kifupi umechacha. Wale mliokuwa mnagonganisha nao chupa, ukipita leo wanageukia upande wa pili. Unajiuliza, ile furaha yote ilikwenda wapi?

HATARI YA MWEZI HUU

Kijana, sikiliza vizuri. Mtu aliyekosa furaha na hela kwa pamoja ni rahisi kukamatwa. Shetani analijua hilo. Mwezi kama huu anakuja na sauti tatu.

Sauti ya kwanza inasema: "Shuka tu kwenye lile duara." Lile ambalo wenzako wamelikimbia kwa sababu mvua zimenyesha, udongo umelowa na matimba yameoza. Unashuka usiku ili upate hela ya deni. Ndugu yangu, udongo uliolowa hauna huruma na hauna habari ya deni lako. Januari 2024, jirani zetu wa wilaya ya Bariadi, mkoa wa Simiyu, walizika watu zaidi ya 20 waliofukiwa na kifusi mgodini wakati wa mvua. Ilikuwa Januari, mwezi kama huu.

Sauti ya pili inasema: "Nenda kwa mganga, atakufungulia nyota." Kanda yetu hii ya Ziwa inajua sauti hiyo imetufikisha wapi. Kuanzia miaka ya 2007 na 2008 ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa kama wanyama, kwa sababu kuna watu waliambiwa kwamba kiungo cha mwanadamu kitavuta dhahabu na samaki. Uongo mtupu! Dhahabu haijui mifupa ya mtu. Aliyekuumba wewe ndiye aliyemuumba na yeye, na damu yake inalia kutoka ardhini kama damu ya Abeli (Mwanzo 4:10).

Sauti ya tatu ni laini: "Kunywa usahau, au tupia buku kwenye mkeka, leo ni siku yako." Kesho yake deni liko palepale, na ile buku haipo.

Sauti zote tatu zinahubiri jambo moja: kwamba furaha ni kitu KIKUBWA, kinakuja kwa mkupuo, na kama hujakipata basi wewe huna kitu. Neno la Mungu linasema vingine.

WACHUNGAJI WALIRUDI KAZINI

Watu wengi wanaijua habari ya usiku wa Krismasi. Malaika waliimba, mbingu ziking'aa, na wachungaji wa kondoo (siyo wa kanisani, hawa wa fimbo na mifugo, kama vijana wa Kisukuma nyuma ya ng'ombe) wakakimbia Bethlehemu kumwona mtoto. Hapo wengi wanafunga Biblia na kwenda kula pilau.

Soma mstari wa mbele! Luka 2:20 inatuambia kwamba wale wachungaji WALIRUDI. Walirudi wapi? Kwa kondoo walewale, kwenye umande uleule, kwenye baridi ileile. Hawakuongezwa mshahara. Hakuna aliyewapa ng'ombe hata mmoja. Lakini Luka anasema walirudi wakimtukuza Mungu na kumsifu. Hii ndiyo Januari ya kwanza, kijana! Kazi ni ileile, mtu ndiye amebadilika.

Tena mtazame Yusufu na Mariamu. Mamajusi walileta dhahabu, uvumba na manemane (Mathayo 2:11). Wenzetu wa baadhi ya madhehebu wanaikumbuka siku hiyo kila tarehe 6 Januari. Wewe mtu wa machimbo ungesema, "Wameula! Dhahabu imefika mlangoni!" Lakini baada ya hapo Yusufu akaambiwa aamke amchukue mtoto akimbilie Misri, naye akaondoka usiku (Mathayo 2:13-14). Walikuwa na dhahabu, na bado wakawa wakimbizi. Kumbe hata dhahabu ndani ya nyumba haizuii siku ngumu. Kilichowavusha ni kwamba Mungu alikuwa pamoja nao njiani.

FURAHA INAPATIKANA KAMA DHAHABU

Nikueleze kwa lugha yako ya kazi. Je, duara linapotema, dhahabu inatoka imeshakuwa pete? Hapana! Unatoa mawe. Mawe yanakwenda karashani yanasagwa mpaka yanakuwa unga. Unga unapelekwa mwaloni, maji yanapita juu yake, michanga inakwenda na maji, na kilicho kizito kinabaki chini. Baada ya jasho lote la viroba na viroba, unapata kitu cha kukaa kwenye ukucha. Wala hukasiriki ukakitupa ukisema "ni kidogo." Unakifunga kwenye karatasi, unakitia mfukoni, kila dakika unapapasa kama kipo.

Sasa mbona furaha unaitupa kwa sababu ni ndogo?

Siku yako ya Januari ni kama lile jiwe. Ni ngumu, ni nzito, haing'ai. Lakini ndani yake mna chembe. Kinachozichenjua ni SHUKRANI. Ukiipitisha siku kwenye shukrani, malalamiko yanakwenda na maji, na cha thamani kinabaki. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.

WALIOJUA THAMANI YA MWANGA

Oktoba 2015, katika machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama, ardhi iliporomoka na wachimbaji wakafukiwa. Baadhi waliokolewa mapema. Wengine walihesabiwa wamekufa. Katikati ya Novemba, baada ya siku 41, watu watano walitolewa wakiwa HAI. Walieleza kwamba huko chini waliishi kwa kula mende na vyura na kunywa maji machafu. Halafu Januari 2017, Nyarugusu mkoani Geita, watu 15 walifukiwa mgodini. Watanzania 14 na Mchina mmoja, siku tatu gizani, na wote wakatolewa wakiwa hai.

Hebu jiweke kule chini. Ungetamani nini? Shati la Krismasi? Spika kubwa? Ungetamani hewa. Ungetamani bakuli la uji. Ungetamani kuona jua japo dakika moja, na kusikia sauti ya mama yako ikiita jina lako.

Kijana, vyote hivyo unavyo LEO, na hujavitazama.

CHEMBE ZA KUOKOTA MWEZI HUU

1. Asubuhi. Umefumbua macho. Kabla ya kufikiria deni, sema, "Asante Mungu, nimeamka." Huo ni mtaji wa kwanza, maana marehemu hadaiwi wala halipi.

2. Mvua. Hiyohiyo inayokuzuia kushuka durani ndiyo inayootesha mahindi, karanga na pamba huko kwenu. Shinyanga inajua ukame, kwa hiyo usiitukane mvua. Kama una kipande cha shamba, shika jembe. Kijani kinafurahisha macho ya mtu mwenye njaa.

3. Sahani moja, watu wengi. Michembe na chai ya rangi, ugali na mlenda, mnakula wanne mkicheka. Mithali 15:17 inatufundisha kwamba mboga penye upendo inashinda ng'ombe aliyenona penye chuki. Yesu mwenyewe alipofufuka hakufanya karamu ya wakubwa. Aliwasha makaa ufukweni mwa ziwa, akawaandalia rafiki zake waliokesha kazini mkate na samaki wa asubuhi (Yohana 21:9-12). Mfalme wa wafalme akipika kama mama ntilie! Mtu wa kandokando ya Ziwa Victoria, habari hii haikugusi?

4. Deni moja. Usimkimbie mama ntilie. Nenda, mwamkie, mwambie, "Shikamoo mama, sina yote, lakini shika hii kidogo, na wiki ijayo naleta nyingine." Utaona mzigo unavyoshuka begani. Kulala bila kujificha ni furaha ambayo hakuna duka linaiuza.

5. Sauti ya nyumbani. Kuna mzazi kule kijijini hajakusikia tangu ulipokuja machimboni. Huna cha kutuma? Mpigie hivyohivyo. Yeye hataki kwanza hela, anataka kujua kwamba mwanawe hajafukiwa.

Usinielewe vibaya. Sisemi uridhike na kudhulumiwa. Mfanyakazi anastahili ujira wake, Yesu alisema hivyo (Luka 10:7), kwa hiyo dai haki yako na utafute riziki kwa bidii. Ninachokataa ni wewe kuihesabu siku yako kuwa ni takataka mpaka duara liteme. Duara laweza lisiteme. Je, utakuwa hukuishi?

MZIZI WA FURAHA

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Chembe hizi ni nzuri, lakini chembe bila mfuko zinamwagika. Unaweza kufurahia uji asubuhi, jioni dhambi ikakurudisha gizani. Moyo uliotoboka ni kama mfuko uliotoboka, hautunzi kitu. Nabii Hagai aliliona hilo, mtu anapata mshahara na kuutia kwenye mfuko wenye matundu (Hagai 1:6). Si ndiyo Januari yako hiyo?

Yesu Kristo ndiye anayeushona mfuko huo. Yule mtoto wa Bethlehemu hakurudishwa kabatini pamoja na mapambo. Alikua, akafanya kazi ya mikono, akachoka, akaona njaa. Akafa msalabani kwa ajili yako, akalazwa gizani chini ya ardhi, siku ya tatu AKATOKA HAI! Yeye anajua kushuka mpaka chini kabisa mahali ulipofukiwa na kukutoa.

Hadai kiingilio. Haulizi una dini gani wala ulilala wapi jana. Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo.

Kama uko tayari, popote ulipo, kibandani, mwaloni au juu ya viroba vya mawe, sali hivi kwa imani:

"Bwana Yesu, nakuja kwako jinsi nilivyo. Nimetafuta furaha kwenye chupa, kwenye bahati na kwenye kelele, nimebaki mtupu. Nisamehe dhambi zangu. Ingia moyoni mwangu, uushone mfuko wangu. Nifungue macho nione mema yako ya kila siku, hata yaliyo madogo. Nilinde durani, nilinde barabarani, nilinde na waongo. Kuanzia leo mimi ni wako. Amina."

Umeisali? Haleluya! Tafuta watu wanaomwabudu Mungu katika kweli, kaa nao, soma Injili ya Luka kidogokidogo kila siku. Na jioni ya leo, kabla hujalala, mtajie Mungu vitu vitatu vidogo alivyokupa. Vitatu tu. Kesho ongeza cha nne.

Ukimaliza kusoma, usifungie karanga karatasi hii. Mpe mwenzako anayejiandaa kushuka usiku huu.

MUNGU AKUBARIKI SANA.