Waya wa Taa Moja

Wajukuu, ukishuka kutoka Iringa mjini ukafika Ipogolo, pale barabara kuu inapopita kwenda Mbeya na Tunduma, utanikuta nimeingiza kichwa chini ya dashibodi ya Scania ya mtu, kipande cha waya nimekiuma mdomoni. Mimi ni fundi umeme wa magari. Kompyuta sikuisomea. Lakini tangu mwaka jana vijana wameanza kuniletea kompyuta zao za gemu zilizokata roho, maana wamesikia nina mita na kwamba kutazama tu silipishi. Nimetazama za kutosha. Nisikilizeni kabla hamjatuma pesa kwa mtu msiyemjua.

Wa kwanza alikuwa mjukuu wangu mwenyewe. Alibeba matenga ya nyanya Ilula msimu mzima akakusanya laki saba na nusu. Akaja, shikamoo babu, marahaba, akaniambia anataka kompyuta ya gemu. Nikamuuliza gemu gani. Akanitajia prosesa. Nikarudia: gemu gani? Akanitajia kadi ya picha, kisha taa za rangi zinazozunguka ndani ya kasha la kioo. Hapo ndipo nilipopaswa kumkamata. Anayekwenda kununua gari bila kusema atabeba nini, abiria au nyanya au mbao za Mafinga, huuziwa lililo karibu na geti. Sikumkamata. Kulikuwa na Fuso inasubiri, na dereva wake alikuwa ameshaanza kunifokea.

Akatuma pesa kwa mtu asiyemjua, na baada ya wiki mbili mzigo ukafika kwa basi kutoka Dar es Salaam. Tukaufungulia juu ya meza yangu ya kazi, katikati ya alteneta na makopo ya grisi. Ndani kulikuwa na Dell ya ofisini, lile kasha jembamba la kulaza, lenye stika ya i7 kwenye paji la uso. Pembeni, kadi ya picha kwenye mfuko wa plastiki. Kijana akaipachika kadi. Kifuniko kikakataa kufunga, kwa sababu kasha lile hupokea kadi fupi tu na hii ilikuwa ya urefu wa kawaida. Ikabaki imechomoza juu kama goti la abiria wa kiti cha nyuma. Akasema si kitu, itacheza hivyo hivyo wazi. Wazi, na vumbi la Ipogolo!

Nikavaa miwani nikasoma. Ni kweli ilikuwa i7. i7-2600, ya mwaka 2011. Hapa wengi mnaingia mkenge. i7 ni jina la ukoo. Umri wake unausoma kwenye tarakimu zinazofuata. i3-12100 ya mwaka 2022, yenye jina la kinyonge, inaiacha mbali hiyo i7 ya 2011, na zote mbili zina viini vinne (core). Tena tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha huduma za Windows 10, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Ofisi za Ulaya zinatupa mashine zisizofika hapo, nazo zinajua njia ya kuja kwetu. Sisemi mtumba ni mbaya. Nusu ya spea ninazofunga ni za mtumba. Ninachosema ni kwamba uulize kizazi kabla ya bei.

Kadi ndiyo iliyonitia uchungu. Iliandikwa GTX 1050 Ti, kadi iliyotoka mwishoni mwa 2016, nzuri kwa mtu wa kipato chetu kwa sababu hula wati 75 tu na nyingi hazihitaji waya wa ziada. Hii ilikuwa na tundu la waya wa ziada, na mgongoni ilikuwa na tundu la bluu, lile la skrini za zamani, VGA. Kizazi kile cha NVIDIA hakitoi tena mawimbi ya VGA. Ukiona bluu pale, shtuka. Kijana akapakua programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z, nayo ikaandika neno FAKE mbele ya jina la kadi. Tukaja kugundua ni GTX 550 Ti ya mwaka 2011, imefutwa kumbukumbu na kuvishwa jina la mdogo wake. Gari la namba A limebandikwa kibao cha namba E. Tukampigia muuzaji. Simu haipatikani mpaka leo.

Niliwahi kudhani ujinga huu ni wa vijana, kisha nikakumbuka. Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za serikali zilipohamishiwa kwenye mashine zikavurugika mpaka watu wakarudishwa kwenye madaftari, na mwaka 1974 ikatoka amri: marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni pia. Wazee wenye digrii walinunua mashine kubwa kabla ya kujua itafanya kazi gani na nani ataiendesha. Kwa hiyo kijana wa Ipogolo aliyedanganywa kadi asilie sana. Ana wenzake wakubwa.

Wa pili alikuwa mtoto wa jirani, na huyu hakudanganywa. Kadi yake ilikuwa halali kabisa, RX 580 yenye gigabaiti 8. Kadi hizi zilichimba sana sarafu za mtandaoni, na Ethereum ilipoacha uchimbaji wa kadi Septemba 2022 zikamwagika sokoni kama nyanya za Juni. (Ukiona RX 580 imeongezwa herufi 2048SP, hiyo ni ndugu yake dhaifu, usilipe bei ya mkubwa.) Kosa lake lilikuwa la umeme, na hapo sasa ameingia kwenye kiwanja changu.

Kompyuta yake ilikuwa ya ofisini, pawa saplai yake haina ule waya wa kadi wenye pini nane. Akanunua kiunganishi cha bei ya soda, upande mmoja pini nane, upande wa pili plagi ya SATA, ile ya kulisha diski. Alipoiwasha gemu, dakika kumi, harufu. Aliponiletea, plagi ilikuwa imeyeyuka ikashikana kama ubani.

Njooni tupige hesabu, maana hii si elimu ya kompyuta, hii ni taa za gari. Ndani ya kasha lako kadi hunywa volti 12, zile zile za betri ya Corolla. RX 580 hula wati 185. Mazabodi kupitia lile tundu la kadi huruhusiwa kutoa mpaka wati 75. Zinabaki 110 za kupita kwenye waya. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ampea moja na nusu: jumla ampea nne na nusu, mara 12, wati 54. Taa moja ya mbele ya Corolla ni wati 55. Yaani kijana alichukua waya wa taa moja akafunga taa mbili, akaenda kulala. Mimi dereva akinifanyia hivyo kwenye gari namfukuza gereji. Fyuzi ningemwekea, lakini plagi ile haina fyuzi. Fyuzi ni nyumba yenu.

Ndiyo maana nikiulizwa kitu cha kwanza kununua, nasema pawa saplai, na vijana wananitazama kama nimesema wanunue kamba ya kufungia. Haionekani, haing'ai, haiongezi fremu hata moja. Lakini ikifa vibaya haifi peke yake. Msisome ile namba kubwa iliyoandikwa 500W kwa rangi nyekundu. Geuza, tafuta kwenye jedwali mstari wa +12V, chukua ampea zake, zidisha kwa 12. Nimeshika moja ya 500W yenye ampea 18 tu: wati 216. Na ipime mkononi. Nyepesi kama mkate maana yake ndani hamna shaba. Jihadharini pia na Dell na HP za ofisini: nyingi plagi zao ni za kwao wenyewe, ukinunua pawa saplai ya kawaida haiingii, na lile kasha jembamba halina hata nafasi ya kuiweka.

Sasa twende kwenye Luku, kwa sababu anayenunua kompyuta ni wewe na anayenunua umeme ni mama yako. Maji yanayopita chini ya daraja letu hapa, ya Ruaha Mdogo, huungana na Ruaha Mkuu yakaingia Mtera, megawati 80, yakateremka mpaka Kidatu, megawati 204. Yanapita mlangoni bure na kurudi na bili. Nyumba inayotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi tumezoea kuiona inalipa kama shilingi 122 kwa uniti pamoja na makato. Ikihamishwa tarifu ni kama 356, zile uniti 28 za elfu kumi. Mashine inayokula wati 300, saa nne kila usiku, ni uniti 36 kwa mwezi. Nyumba ya uniti 60 inakuwa ya 96. Mama ataona Luku inaisha tarehe 18 na atalaumu pasi. Mwambieni ukweli mapema, au chagueni mashine isiyokula hivyo.

Inawezekana. Ukiwa na pesa ndogo na haraka, tafuta kompyuta ya ofisini ya kasha refu la kusimama, kizazi cha 8 kwenda juu, na kadi ya wati 75 isiyo na tundu la waya, GTX 1650 kwa mfano, uliyoiona ikiwaka kwa macho yako. Lakini mimi ningekuwa na umri wenu ningekwenda njia ya pili: Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021. Ina picha zake ndani, huhitaji kadi kuanza. Mazabodi yake, soketi ya AM4, inapokea prosesa nyingi za tangu 2017, hivyo kesho unapandisha bila kubomoa. Weka pawa saplai ya kweli, kadi inunue msimu mwingine wa nyanya. RAM nunua mbili ndogo badala ya moja kubwa. Picha za ndani hukopa RAM, na zikipita njia mbili kasi inaonekana wazi. Tangu mwishoni mwa 2025 RAM imepanda bei dunia nzima, vituo vya akili unde vinazikomba, kwa hiyo usishangae mwenye duka akikuambia bei ya wiki iliyopita haipo. Diski iwe SSD, basi. Na ukiona prosesa ya Intel ina herufi F mwishoni, kama i5-12400F, ujue haina picha za ndani. Bila kadi utatazama skrini nyeusi ukadhani umeiua.

Taa za rangi sikukatazi. Ziwe za mwisho.

Pesa ikipungua, ngoja. Kijana mmoja alijazia pengo kwa mkopo wa kausha damu, akaja kuiuza kompyuta yenyewe kulipa riba, nusu bei, kabla hajamaliza hata gemu moja. Na mkiagiza Dar, mwambieni anayefunga mzigo achomoe kadi aifunge peke yake kwenye nguo. Kasha lenye kadi nzito likipanda mlima wa Kitonga kona kwa kona, chini ya magunia, kadi hutikisika mpaka inang'oa tundu lake.

Ile Dell ya mjukuu wangu tuliiuza steshenari moja karibu na stendi, kwa bei ya umri wake, na mwaka wake tukautaja wazi. Inachapa barua za maombi ya kazi vizuri tu. Akarudi Ilula, akabeba nyanya tena. Safari hii nilimshika mkono kabla hajaondoka: gemu gani? Akaona aibu kidogo. Kuendesha malori, babu. Euro Truck Simulator 2, ya mwaka 2012. Gemu ambayo 5600G inaibeba bila kadi yoyote.

Juzi usiku, baridi ya Juni imeshika, nilikwenda kuchungulia. Nje Scania za kweli zinapita kuelekea Tunduma, ndani yeye anatoka Calais na shehena, taa zimewashwa, mkono wa kushoto kwenye kibodi. Wati 100 hazifiki, skrini ndani yake, nimepima. Nikamuuliza huko Ulaya mizani yao ya malori, kama yetu ya Wenda, iko wapi. Akacheka, akaniambia nikae, akanipa usukani. Nilipindua lori kona ya kwanza.